Kwa nini sauti ya rekoda huachana na picha ya kamera katika shughuli ndefu

Swali: Msomaji wa Ujiji, mkoani Kigoma, anaeleza kuwa alirekodi maulidi ya saa mbili kwa vyombo vitatu: kamera iliyokuwa juu ya stendi, rekoda ndogo iliyochukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti za maiki), na simu ya dada yake upande wa akina mama. Kwenye kompyuta aliioanisha rekoda na kamera kwa pigo la kwanza la dufu, na mwanzo ukakaa sawa kabisa. Lakini kufikia dua ya mwisho sauti ya rekoda ilikuwa ikichelewa karibu nusu sekunde nyuma ya midomo. Wenzake walimwambia kosa ni kwamba kamera ilirekodi kwa 48,000 na rekoda kwa 44,100. Akaibadilisha namba ya rekoda iwe 48,000; sauti za wasomaji zikawa nyembamba na maulidi yakaisha karibu dakika kumi kabla ya picha. Video ya simu nayo inawahi mahali fulani na kuchelewa mahali pengine. Anauliza chanzo ni nini, na kama inafaa akate sauti kila baada ya dakika kumi na kuisogeza.

Jibu: Ndugu yangu wa Ujiji, nakusalimu kutoka Tabora. Katika maelezo yako yamo matatizo matatu yasiyohusiana, na kila moja lina dawa yake. Tofauti ya 44,100 na 48,000 ambayo wenzako wameitaja ipo kweli, ila siyo iliyoleta ile nusu sekunde. Nusu sekunde imeletwa na saa za ndani za vyombo vyako, ambazo hazihesabu sekunde kwa urefu ule ule. Simu ina lake la tatu. Nitakaa zaidi kwenye hilo la saa za ndani, kwa kuwa ndilo linalowasumbua wengi wanaorekodi shughuli ndefu, na mara nyingi huelezwa vibaya.

Tuanze na zile namba mbili ili tuziweke mahali pake. Chombo cha kidijitali huipima sauti mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo kimoja ndiyo sampuli moja. Rekoda yako ilipangwa kuchukua sampuli 44,100 kila sekunde, na kamera 48,000. Mwanzoni mwa faili kuna kichwa kifupi ambamo kasi hiyo imeandikwa, ili programu itakayolifungua ijue namba zile zisomwe kwa mwendo gani. Namba 44,100 ina asili yake katika miaka ya 1970, wakati sauti ya kidijitali ilipohifadhiwa kwenye kanda za video: ziliwekwa sampuli 3 katika kila mstari wa picha, kwa mistari 245 mara 60 kwa sekunde katika mfumo wa Marekani na Japani, au mistari 294 mara 50 katika mfumo wa Ulaya, na hesabu zote mbili zinatoa 44,100. CD ya muziki ilipoingia sokoni mwaka 1982 ikairithi namba hiyo, huku kazi za video na utangazaji zikishika 48,000. Ndiyo maana hadi leo tunaishi na kasi mbili ambazo uwiano wake ni 160 kwa 147, uwiano ambao hakuna mtu angeuchagua kwa kupenda.

Programu yoyote nzuri ya kuhariri hukisoma kichwa cha faili, huona 44,100, na huzihesabu upya sampuli ili zilingane na mradi wa 48,000 bila kugusa urefu wala kimo cha sauti, yaani wembamba au uzito wake. Kwa hiyo kuchanganya mafaili ya kasi mbili katika mradi mmoja hakuleti madhara unayoyaona. Ulichofanya wewe ni kitu kingine: hukuzihesabu upya sampuli, bali uliiambia programu izisome zile zile kwa haraka zaidi. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, kipengele cha Rate kwenye menyu ya mstari wa sauti hubadilisha mwendo wa kusomea tu, ilhali Resample hutengeneza sampuli mpya. Ukizisoma sampuli za 44,100 kwa mwendo wa 48,000, sauti hukimbia kwa asilimia 8.8, hupanda kwa takriban nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), na saa mbili kamili hugeuka kuwa saa 1, dakika 50 na sekunde 15. Hizo ndizo dakika zako karibu kumi zilizopotea. Rudisha namba iwe 44,100 na wasomaji watarudi kwenye sauti zao.

Hapo hapo unaweza kuona kwa nini maelezo ya wenzako hayawezi kuwa sahihi. Kama kasi mbili zile zingekuwa ndizo chanzo, maulidi ya saa mbili yangepungua au kuongezeka kwa dakika nzima nzima, na ungeyasikia makosa tangu neno la kwanza. Kosa la kasi iliyoandikwa vibaya huonekana kwa dakika. Kosa la saa ya ndani huonekana kwa sehemu za sekunde, na huonekana mwishoni.

Sasa hilo la saa. Ndani ya kila kamera, rekoda na simu kuna kijipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka kwa kasi kubwa sana, na mtetemo huo hugawanywa mpaka upatikane mwendo wa sampuli. Vyombo vingi vya sauti hutumia fuwele ya megahezi 24.576, ambayo ni 48,000 mara 512, au ya megahezi 22.5792, ambayo ni 44,100 mara 512. Lakini hakuna fuwele mbili zinazotetemeka sawasawa. Zile za vyombo vya bei ya kawaida huachana na kipimo chake kwa makumi ya sehemu kwa milioni moja, na joto huzisogeza zaidi kidogo. Rekoda iliyoandikiwa 44,100 inaweza kuwa kwa hakika inachukua sampuli 44,101 au 44,099 na kitu, na kichwa cha faili hakitasema, kwa sababu rekoda yenyewe haijui. Haina saa nyingine ya kujipimia.

Wauza vitambaa wa zamani waliopima kwa dhiraa wangelielewa jambo hili mara moja. Watu wawili wenye mikono inayopitana kwa unywele watakubaliana wakipima dhiraa moja, lakini wakipima jora zima mwisho wa mmoja hautaangukia mwisho wa mwenzake, ingawa wote wawili wamehesabu kwa uaminifu. Sehemu 20 kwa milioni ni milisekunde 72 kwa saa moja. Kamera ikiwa imezidi kidogo upande mmoja na rekoda upande wa pili, kupishana kwa sehemu sitini au sabini kwa milioni si jambo la ajabu wala si dalili ya chombo kibovu. Kwa saa mbili hiyo ni nusu sekunde.

Kwa hiyo ulipooanisha pigo la kwanza la dufu uliweka sawa mahali pa kuanzia, lakini hukugusa mwendo. Nukta moja haiwezi kukuonyesha mwendo hata uikuze namna gani. Zinahitajika nukta mbili zilizo mbali, na ya tatu katikati kwa ajili ya kuhakiki.

Fanya hivi. Fungua sauti ya kamera na faili la rekoda katika Audacity. Ili ifungue video utahitaji kuiwekea nyongeza ya FFmpeg. Chagua muundo wa muda unaoonyesha milisekunde. Tafuta pigo moja la dufu mwanzoni ambalo limesimama peke yake, bila kupandwa na mengine, ukuze mawimbi mpaka uone mahali hasa mstari uliotulia unaponyanyuka, uandike muda wake kwenye kamera na kwenye rekoda. Kisha tafuta pigo la namna hiyo karibu na mwisho, uandike tena. Usichague vigelegele wala sauti ya msomaji, kwa kuwa huanza taratibu na hutajua mwanzo wake uko wapi. Dufu, au hata mlango uliofungwa kwa nguvu, vina mwanzo mkali.

Tuseme umepata kwamba kati ya pigo la kwanza na la mwisho kamera imehesabu sekunde 7,050.000, na rekoda imehesabu sekunde 7,050.475. Rekoda imeongeza milisekunde 475, maana yake ilichukua sampuli nyingi kuliko inavyodai, na ndiyo sababu ikisomwa kwa 44,100 huchelewa. Gawanya 7,050.475 kwa 7,050.000, kisha zidisha kwa 44,100: utapata 44,102.97. Hiyo ndiyo kasi halisi ya rekoda yako ukiipima kwa saa ya kamera. Nenda kwenye kipengele kile kile cha Rate kilichokuharibia kazi, chagua kuandika namba mwenyewe, uandike 44,103. Oanisha upya pigo la kwanza. Pigo la mwisho litakuwa limebakiza milisekunde tano hivi, ambazo hakuna macho wala masikio yatakayoziona. Hamisha matokeo kama faili la WAV la 48,000, na programu yenyewe itazihesabu upya sampuli wakati wa kuhamisha.

Kila hezi moja, yaani sampuli moja kwa sekunde, unayoiongeza kwenye 44,100 inasogeza mwisho kwa milisekunde 82 kwa saa. Ikiwa hesabu yako itaangukia katikati ya namba mbili nzima, tumia kwanza Resample kulipandisha faili hadi 96,000, ambako hezi moja ni milisekunde 37.5 kwa saa, halafu ndipo urekebishe. Wala usiwe na hofu juu ya kimo cha sauti. Mabadiliko haya hayafiki hata sehemu moja ya mia nane ya nusutoni, na hakuna mwanamuziki atakayeyasikia. Ninakusihi usitumie zana za kurefusha au kufupisha muda huku zikilinda kimo, kwa sababu hukatakata sauti vipande vidogo na kuviunganisha upya, na juu ya mapigo ya dufu alama zake husikika kama ukungu kwenye kila pigo. Kwa kosa dogo kiasi hiki hazina faida yoyote.

Unaweza kuuliza ni saa ipi kati ya hizo mbili iliyo sahihi. Kwa kazi hii haina umuhimu. Picha ni ngumu kuirefusha bila kuiharibu na sauti ni rahisi, kwa hiyo kamera iwe ndiyo kipimo na vyombo vingine viifuate.

Baada ya kurekebisha, nenda kwenye pigo la katikati, karibu na kisimamo. Likiwa limekaa sawa, umemaliza. Ukikuta mwanzo na mwisho viko sawa lakini katikati pamepishana kwa milisekunde mia moja au zaidi, basi kosa halikukua kwa mwendo mmoja, na ugonjwa si wa saa. Mara nyingi utakuta faili limegawanyika. Kadi zenye mfumo wa FAT32 haziruhusu faili moja kufikia GB 4, kwa hiyo kamera nyingi hulifunga faili na kufungua jingine katikati ya shughuli, na baadhi huangusha fremu chache, yaani picha moja moja zinazounda video, kwenye kiungo. Hapo kosa huruka ghafla mahali pamoja, na dawa yake ni kuoanisha kila kipande peke yake.

Hili linanileta kwenye pendekezo lako la kukata kila dakika kumi. Kwa mwendo wa kosa lako, dakika kumi zinaleta milisekunde 40, yaani fremu moja kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde. Ukikata kwenye kimya kati ya kasida mbili, hakuna atakayejua. Ukikata katikati ya kasida yenye dufu, kila mkato utavunja mapigo, na sikio hukamata pigo lililovunjika kwa urahisi zaidi kuliko linavyokamata midomo iliyochelewa. Na kama nia yako ni kutoa kila kasida peke yake, dakika sita au saba, huhitaji hesabu yoyote niliyoieleza: oanisha mwanzo wa kila kasida na uiache.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta pindi utakapokuwa umeweka kila kitu sawa. Maiki ya kamera husikia sauti ikiwa imeshasafiri kutoka kwenye spika, na hewani, kwenye joto la nyuzi 25, sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Kamera yako ikiwa mita 20 kutoka kwenye spika, imeisikia sauti milisekunde 58 baada ya kutoka, ilhali rekoda iliyounganishwa na mikisa haikusubiri chochote. Ukioanisha mawimbi ya rekoda na mawimbi ya kamera, unairithisha rekoda ule ucheleweshaji. Kwa picha ya mbali haudhuru. Kwa uso uliovutwa karibu kwa lenzi utaanza kuhisi kuwa kuna kitu. Mwaka 1998 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilitoa pendekezo linalosema kuwa kwa wastani watazamaji hugundua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45 au iliyochelewa kwa milisekunde 125. Tazama tofauti hiyo: kuchelewa huvumilika kuliko kutangulia, pengine kwa sababu maisha yote tumezoea kuona mkono kabla ya kusikia kishindo. Mimi hupendelea kuoanisha kwa macho, fremu ambayo mkono unagusa ngozi ya dufu, na kuyatumia mawimbi ya kamera kupimia mwendo tu. Umbali usiobadilika hauongezi kosa kadiri muda unavyokwenda, ila ukihamisha kamera katikati ya shughuli, vipimo vyako vitakudanganya.

Sasa simu ya dada yako. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde. Mwanga ukipungua, simu hurefusha muda wa kila picha na idadi ya fremu hushuka. Mwanga ukiongezeka, hupanda tena. Kila fremu huandikiwa muda wake, na kicheza video cha kawaida huifuata mida hiyo vizuri, ndiyo maana ukiitazama kwenye simu huoni tatizo. Programu kadhaa za kuhariri hudhani kwamba fremu zote zimepangwa kwa nafasi sawa, na hapo ndipo picha inapoanza kuwahi na kuchelewa dhidi ya sauti yake yenyewe. Lifungue faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, uangalie aina ya mwendo wa fremu; ikisema unabadilikabadilika, lipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, ukichagua idadi isiyobadilika, 25 kama kamera yako imewekwa hivyo, halafu ndipo ulipeleke kwenye mradi. Baada ya hapo pima nukta tatu kama ulivyofanya kwa rekoda, kwa kuwa simu nayo ina fuwele yake.

Kabla ya yote hayo, hakikisha faili ulilonalo ni lile lililotoka kwenye simu. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya, na kazi yako yote itafanyika juu ya nakala iliyopunguzwa. Ichukue kwa waya, au itumwe kama hati. Kwenye mchanganyiko wa mwisho, nakushauri usiache sauti ya simu na ya rekoda zisikike pamoja kwa nguvu sawa. Hata zikioana vizuri, tofauti ya milisekunde chache hufanya sauti iwe na uwazi kama inayotoka ndani ya bomba, na tofauti kubwa zaidi husikika kama mwangwi. Iache rekoda ibebe usomaji, na simu uifungue pale tu unapotaka vigelegele vya akina mama.

Kwa shughuli inayofuata, panga vyombo vyote kwenye 48,000 na kamera na simu kwenye fremu 25, idadi inayokwenda vizuri pia na taa za umeme wetu wa hezi 50. Hilo halitazioanisha saa za ndani, lakini litakuondolea sababu moja ya kubahatisha. Kama unaweza kupata rekoda yenye njia nyingi, ingiza maiki zote humo badala ya kutawanya rekoda, kwa sababu njia zote za chombo kimoja hufuata fuwele moja na haziwezi kuachana. Washa vyombo mapema, vipate joto lake la kawaida kabla ya kuanza, wala usiviache kimoja juani na kingine kivulini. Usisitishe chombo chochote katikati.

Nukta zako mbili uzitengeneze kwa makusudi. Sioni vyema kupiga makofi kwenye hadhara ya maulidi, kwa hiyo mwombe mpiga dufu apige pigo moja peke yake kabla wasomaji hawajaanza, na jingine baada ya dua, watu wakiwa bado wamekaa na kamera ikimwona. Siku ukiwa na nafasi nyumbani, viweke kamera na rekoda bega kwa bega virekodi saa moja, ukigonga meza mwanzoni na mwishoni, upate tofauti yao na kuiandika kwenye daftari lako. Itasogea kidogo kwa joto, lakini haitatoka mbali, na kwenye shughuli ambayo pigo la mwisho limekosekana kwa sababu fulani, namba hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye Rate.